Lusajo Yuko Iringa

Jumanne, 6 Mei

Vipande vinne vya tamthilia ya Kikorea mfululizo leo. Banda langu la video limejaa mpaka wengine wamekaa nje juu ya magunia ya pumba, wanasikilizia dirishani. Wasikilizaji wa dirishani ni wezi, lakini wana sikio zuri. Nawasamehe.

Nimekuwa Sekela, stelingi wa kike. Nimekuwa mama yake Sekela. Nimekuwa mbwa. Nimekuwa Mzee Kitonga, adui mkuu, yule mwenye kampuni na fimbo ya kichwa cha fedha. Majina yote nimewapa mimi. Wakorea wana yao, nani hapa Ubaruku atayakumbuka? Adui nikamwita Kitonga kama ule mteremko wa kutoka Iringa kwenda Dar, maana ukimwendea kwa pupa unaishia korongoni. Niliushuka mara nyingi nilipokuwa utingo wa malori. Nimeiona dunia mimi. Tunduma, Lusaka, Dar, Lubumbashi kidogo.

Kikorea sijui hata salamu. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha kama kuku mbele ya lori. Nanasa "mama", nanasa "hospitali", nanasa "kamwe". Yanayobaki namalizia mwenyewe, na namalizia vizuri kuliko wao. Kuanzia Makambako mpaka mpakani hakuna mtafsiri wa muvi kama Dijei Ngurumo. Wapo wanaosoma maandishi. Mimi naigiza.

Sauti imekwaruza tangu watu wapande mpunga. Vumbi la mashine ya kukoboa, tunapakana ukuta. Atupele, mke wangu, ananiambia niende hospitali. Mimi namwambia sauti hii ndiyo Kitonga aliyokuwa akiitafuta. Leo nilipocheka kicheko chake, mzee wa mashine akaniuliza, "Dijei, koo hili umelinunua wapi?"

Sijawahi kuwa mkali hivi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya jambo leo. Sijui kama ni jema.

Flashi ya vipande vipya ilichelewa kutoka Mbeya. Kwa kawaida naangalia kwanza nyumbani, peke yangu, najua nani anakufa na nani anaoa. Leo niliingia kichwa kichwa.

Mbele kabisa alikaa Mama Daudi. Mwanawe alizama kwenye mfereji mkuu msimu wa kupandikiza. Daudi, miaka kumi na mmoja, mtoto wa utani, alikuwa akiniiga kicheko cha Kitonga njiani. Tangu azikwe, mama yake anakuja bandani kila shoo ya saa kumi. Hacheki, haongei. Anakaa tu mahali penye watu. Hajawahi kuulizwa kiingilio na hataulizwa.

Basi tunakwenda, mdogo wake Sekela anaumwa. Lusajo. Katoto kana macho makubwa, banda zima linakapenda. Nikadhani atapona, watoto kwenye tamthilia hupona. Mara daktari anavuta shuka. Anamfunika uso.

Kwetu mtu aliyetoka kuzika hutamki kifo mbele yake. Hata kuku akifa unasema amehamia kwa jirani. Ndivyo bibi yangu alivyonilea. Na mimi nimeshika maiki, mgongo wa Mama Daudi uko mbele yangu umenyooka kama ubao.

Nikasema, "Daktari anamfunika asipigwe na baridi! Mtoto amezimia tu! Gari linakuja kumpeleka Iringa!"

Picha haikunisaidia. Wakaja watu wenye nguo nyeusi. Wakaweka picha ya Lusajo katikati ya maua, wanalia wanaangukiana. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema hiyo ni sherehe ya kumuaga mwanafunzi. Amepata nafasi Iringa, shule ya bweni ya masista, atatibiwa huku anasoma. Picha ile ni ya fomu ya shule. Na Wakorea wakiaga mwanafunzi huvaa nyeusi, mimi nimeishi nao.

Hakuna aliyecheka. Watu mia hivi, wote wana macho, wote wamezika. Nikasubiri mtu anizomee.

Mzee wa mashine akakohoa. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Iringa kuna shule nzuri."

"Nzuri sana," akajibu mtu nyuma.

Mama Daudi hakugeuka.

Kwa nini nilisema Iringa? Kwa sababu kila mtoto mwenye akili hupelekwa kule. Hata mimi nilipelekwa. Nikafika kidato cha pili, nikarudi na koti tu.

Jumapili, 18 Mei

Uongo una miguu mifupi, wanasema. Wangu umevaa viatu vya mpira.

Kila kipande Sekela analia. Analia darajani, analia kwenye basi, analia amekumbatia begi la mtoto. Mimi natafsiri: amemkumbuka mdogo wake aliyeko shule. Barua imefika. Lusajo anasema ugali wa bweni una dona nyingi. Lusajo amekuwa wa tatu darasani. Watu wanapiga makofi, wa tatu si mchezo.

Leo Kelvin, kijana wa duka la simu, akasimama katikati. Huyu ana bando la kumwaga, anaangalia mambo kabla hatujayaona. "Dijei, acha kutupiga fiksi! Dogo alishakufa! Mimi nimemaliza yote mpaka mwisho!"

Nikamjibu palepale kwenye maiki, kwa sauti ya Kitonga. "Kijana, hiyo uliyoiona kwenye simu ni ya kwao. Hii ni ya Ubaruku."

Banda likalipuka. Mama mmoja muuza vitumbua akamvuta shati. "Kaa chini, bando lako litakuua." Kelvin akakaa. Baadaye nilimwona amemwangalia Mama Daudi, ndipo akaelewa. Aliondoka ameinama. Si mtoto mbaya, ni mwepesi wa mdomo tu. Kama mimi.

Niliporudi nyumbani koo lilikuwa kama nimemeza msasa. Atupele kanipa yai bichi na asali. Nikanywa nikamwambia nasikia nafuu. Sisikii nafuu.

Ijumaa, 23 Mei

Sauti imekatika katikati ya neno. Kitonga anatishia, "Nitaku..." basi. Hewa. Watu wakadhani ni spika, fundi akaanza kutikisa waya.

Nilitema mate nyuma ya banda. Damu. Nikafukia kwa mguu kama paka.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 2 Juni

Ubaruku nzima sasa ni waganga. Huyu tangawizi, yule maji ya mchele yaliyochacha, mwingine mafuta ya nguruwe, na mchungaji ameleta mafuta ya upako yenye harufu ya pafyumu. Vyote nimetumia. Tumbo langu ni stoo ya kijiji.

Lakini niandike la leo.

Baada ya shoo Mama Daudi alibaki. Mara ya kwanza kunisemesha tangu msiba. Alikuwa na mfuko wa rambo. Akasema, "Kamwene, Baba Tumaini." Nikaitikia salamu. Akatoa sweta ya bluu. Ya mtoto. Kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Naijua sweta ile, nimeiona ikipita na baiskeli mbele ya banda langu asubuhi zote za baridi.

"Mpatie yule mtoto. Iringa baridi kali."

Nimeshawahi kuwatoroka polisi wa mpakani wa nchi mbili. Nimewahi kumdanganya bosi wangu kwamba tairi limeibwa nikiwa nimelikalia. Maneno hayajawahi kunikimbia. Leo yalikimbia. Nikapokea sweta kwa mikono miwili.

Nikasema, "Itafika."

"Nashukuru, baba."

Sijui kama anaamini. Sijui kama ana akili zake zote au ana nyingi kuliko sisi. Nimeificha sweta nyuma ya jenereta, halafu nikaona inanuka petroli, nikaitoa, nikaifunga kwenye kanga ya Atupele. Nilikaa bandani peke yangu mpaka kuku walipoingia.

Jumatano, 11 Juni

Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Atupele ndiye amenileta, amenishika mkono kuanzia stendi kama nimekamatwa. Alikuta damu kwenye mto.

Daktari wa koo ni binti mdogo, mpole, anaitikia shikamoo badala ya kuitoa. Hapana, nimekosea, yeye ndiye alinipa shikamoo. Nilikuwa na hofu, nikaitikia vibaya. Akaingiza mpira mwembamba puani mwangu, una kamera mbele. Mbele yangu kuna skrini. Nikajiona ndani. Pango jekundu lenye maji, na kitu cheupe kimejikunja pembeni kama uyoga.

Maisha yangu yote natafsiri skrini. Hii sikuweza.

Nikamwuliza kwa utani, "Daktari, huyo ndiye stelingi au adui?" Hakucheka. Akachukua kinyama cha kupima. Turudi baada ya wiki mbili. Nisiongee, hata kunong'ona.

Nisiongee! Ni kama kumwambia mbuzi asile.

Tumekula ndizi na nyama Mwanjelwa. Zimepita kwa shida. Atupele hakuniangalia usoni mpaka Chimala.

Jumapili, 22 Juni

Nimeongea.

Ndiyo, nimeongea. Mavuno yameanza, watu wana furaha, banda limefurika, na tamthilia imebakiza vipande vichache. Nani atamalizia? Mbeya wamo wanaotafsiri, lakini wao watasema ukweli. Wakisema ukweli, Lusajo anakufa upya mbele ya mama yule. Anakufa kwa maneno mawili.

Kwa hiyo natafsiri. Sauti imebaki kama upepo kwenye mlango mbovu. Mashine ya kukoboa huzimwa sasa saa kumi, mzee kaamua mwenyewe, wateja wake wanangoja na magunia yao. Watu wanaacha kutafuna karanga. Sijawahi kusikilizwa hivi nilipokuwa na sauti. Ningejua ningeugua mapema.

Utani huo si mzuri. Nauacha hapohapo.

Ijumaa, 27 Juni

Ni saratani.

Sanduku la sauti lote litolewe. Watatoboa shingo, nitapumulia hapo. Sauti hairudi. Nimeuliza mara tatu kwa namna tatu, jibu limekuwa lilelile. Nikikataa, litaziba na nitakosa pumzi. Kuna kimashine cha kuwekea shingoni, unatoa sauti kama roboti, kinaagizwa nje. Nimeigiza roboti wengi. Wote walilipuliwa mwishoni.

Kama ningewahi, daktari alisema, pengine mionzi ingetosha. Alisema bila kunilaumu. Ningependa anilaumu. Miezi yote ile nilikuwa najisifia ugonjwa. Nilidhani ni kipaji kimekua.

Naogopa. Naandika hapa maana hapa hakuna anayepiga makofi. Naogopa kisu. Naogopa zaidi kuamka. Mimi bila mdomo ni nani? Mtu mfupi mwenye banda la mabati.

Atupele alilia stendi ya Mbeya mbele ya makondakta wote. Mmoja wao, wale wanaotukana mpaka ng'ombe, alimnunulia maji.

Jumapili, 29 Juni

Nimefanya upumbavu.

Atupele alishika simu, akaniambia nirekodi. Jambo dogo tu, niseme jina lake, ili abaki nalo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Amejipamba kwa ajili ya kurekodi sauti, fikiria.

Nikashindwa. Nilihisi nikisema jina lake sawasawa nitaanguka pale uwanjani. Basi nikajitia utani. Nikasema kwa sauti ya Mzee Kitonga, "Atupele! Leo utanitambua!" na kile kicheko.

Akazima simu. Akaingia ndani. Nikamfuata nikasema sawa, nirekodi tena, sasa kweli. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa na ile damu. Nilijaribu mpaka jioni. Kicheko kile kilikula kilichobaki.

Najichukia leo.

Jumanne, 1 Julai

Shoo ya mwisho. Nilipanga kumaliza vipande viwili vilivyobaki. Nilikunywa asali nusu chupa. Nilikohoa kila kitu kabla.

Kipande cha kwanza kilikwenda. Ninanong'ona na maiki iko kabisa kwenye meno. Kitonga amekamatwa, watu wameshangilia kimyakimya, wanatikisa mikono juu ili wasinifunike. Watu wazima. Wavunaji wana miundu kiunoni, wanashangilia kama bubu kwa ajili yangu.

Kipande cha mwisho kikaanza. Sekela anapanda kilima peke yake. Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Nikajaribu tena. Spika ikatoa mlio kama mtu anaburuta kiti. Nikasimamisha picha. Sekela akabaki na mguu juu. Nikasimama mbele ya watu nikaonyesha shingo yangu, nikaonyesha barabara ya Mbeya. Walikuwa wanajua. Ubaruku hakuna siri.

Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu ananipa mkono, wanaume kwa wanawake, kama kwenye mstari wa rambirambi. Nilipokea pole zangu mwenyewe nikiwa nimesimama. Kelvin alikuja mwisho. "Bro, mimi mwisho naujua, lakini sisemi. Naapa." Machozi yanamtoka.

Mama Daudi akauliza, "Lusajo anarudi lini?"

Nikainua mabega. Ndilo jibu langu la kwanza bila mdomo.

Alhamisi, 3 Julai

Wodini. Kesho asubuhi. Pikipiki yangu imeuzwa kulipia upasuaji, Tumaini binti yetu amekuja kutoka Iringa anakosoma ualimu. Nilipomwona mlangoni na begi la shule nililia kama Sekela. Hakuelewa kwa nini. Siwezi kumwelezea, ni hadithi ndefu na sina sauti.

Wamenikataza kula. Jirani yangu wa kitanda anakoroma kama fuso. Namwonea wivu mwenye mkoromo.

Jumapili, 20 Julai

Nipo.

Tundu lipo. Pumzi inaingia na kutoka chini ya kidevu, naisikia kama ya mtu mwingine amelala kifuani. Nikikohoa, kikohozi kinatokea shingoni. Nikinusa, sinusi.

Jana nilitaka kumwita nesi. Nikaita. Nilisahau.

Alhamisi, 24 Julai

Majibu ya vivimbe vya shingo walivyovitoa siku ya upasuaji. Viwili vina ugonjwa. Daktari anasema watafuatilia, turudi kila mwezi. Hakusema mpaka lini. Mimi mtu wa sinema, najua daktari anapoangalia dirisha.

Atupele naye anajua. Ameuliza kama naruhusiwa kula kande. Ndivyo alivyouliza, kande. Daktari kasema zipondwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyumbani. Mpunga umeshaanikwa, barabara zimejaa maturubai. Nikipita watu wananisalimia kwa nguvu kama nimekuwa kiziwi. Vumbi linaingia tunduni, nakohoa, watoto wanakimbia. Sikuwa najua kuogopesha bila kuigiza.

Banda limefungwa tangu nilipoondoka. Buibui wamejenga kwenye maiki. Sekela bado yuko kilimani na mguu juu, kwa namna ya kusema.

Usiku Atupele alidhani nimelala. Akafungua simu, sauti chini kabisa. "Atupele! Leo utanitambua!" Kisha kicheko. Akairudia. Akairudia. Mwanamke yule hakuwahi kumpenda Kitonga hata siku moja, na sasa ndiye mume aliyebaki kwenye simu yake.

Nililala nimefumba macho. Sikuwa na lingine la kufanya.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamenijia. Mzee wa mashine, muuza vitumbua, Kelvin. Wamesema banda lifunguliwe, tumalize kile kipande. Nikaandika kwenye udongo kwa kijiti: NANI ATATAFSIRI? Mzee akafuta kwa ndala yake. "Hakuna. Tutaangalia tu. Tumeshawajua hawa watu."

Saa kumi, mashine ikazimwa. Mama Daudi mbele, mahali pake. Nikabonyeza. Kikorea kitupu kikajaa bandani. Hakuna aliyelalamika.

Sekela alimaliza kupanda kilima. Juu kuna nyasi nyingi, upepo. Akakaa. Akafumba macho. Halafu, kutoka kule nyasini, akatokea Lusajo. Mzima. Anakimbia, anacheka, ana begi mgongoni.

Banda lililipuka. Sijawahi kusikia kelele ile, hata kwenye kicheko changu bora. "Karudi! Karudi huyo! Katoka Iringa!" Muuza vitumbua akapiga vigelegele. Wavunaji walirukaruka mpaka benchi likavunjika. Kelvin alishangilia kuliko wote. Mshenzi yule alikuwa anajua, ndiyo maana alinyamaza.

Mimi mtu wa kazi hii nilikuwa nimeona pembe za picha zimekuwa nyeupe nyeupe, kama ukungu. Wanafanya hivyo wakionyesha mtu anakumbuka. Sekela amefumba macho, anamkumbuka tu. Akifumbua, kilima ni kitupu. Na kweli alifumbua, na kilima kilikuwa kitupu, lakini kufikia hapo watu walikuwa wanakumbatiana, hakuna aliyekuwa anaangalia.

Isipokuwa mimi. Na Mama Daudi. Alikaa ameangalia kile kilima mpaka majina yakaanza kupanda.

Alipopita mlangoni akanigusa mkono. "Umeona, baba? Wa kwako amerudi."

Wa kwako, alisema.

Nilitaka kusema lolote. Hata uongo. Tundu likapuliza hewa.

Jumapili, 24 Agosti

Nilifagia banda. Benchi limepigiliwa misumari. Nimelipa fundi rangi afute maneno ya Dijei Ngurumo mlangoni, halafu nikamwonyesha kwa mkono aache. Yabaki. Mvua itafuta.

Mwanzoni mwa wiki niliitoa ile sweta, bado imefungwa kwenye kanga. Nikampelekea Mama Daudi kwake. Sikujua nitaielezaje, na sikuwa na cha kuelezea. Nikaiweka mapajani mwake. Aliikunjua, akatazama kiwiko cha uzi wa kijani, akanusa kola. Hakulia. Akatafuta ncha ya uzi chini, akaivuta, akaanza kuifumua. Nikanyanyuka kumzuia. Akatikisa kichwa.

Leo ameleta bandani kitu kilichofumwa, kidogo kama kiganja, kina kamba mbili za kufungia nyuma. Bluu, ukingo wa kijani. Cha kufunika tundu langu, vumbi lisiingie. Akanifunga mwenyewe, taratibu, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule.

Alikuwepo mpakia magunia mgeni, wa Rujewa, amekuja kuuliza kama leo kuna mpira. Amenisalimia mara mbili, sikuitika, akaanza kukasirika. "Huyu mzee vipi, anadharau?"

"Hadharau," Mama Daudi akasema, bado anakaza fundo. "Sauti yake iko Iringa. Inasoma."

Mgeni akaniangalia shingoni. Akaelewa kitu, sijui kipi. "Inarudi lini?"

"Shule zikifungwa."

Nikacheka. Haikusikika, ila kitambaa cha bluu kilipanda na kushuka. Yeye aliona. Akakaa kwenye benchi la mbele na mimi nikakaa pembeni yake, tukaangalia ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Mpira ulikuwa haupo.

Jioni Atupele alipika kande. Zangu alizipondaponda.